Fatuma na Fatima: Jina la Kiislamu katika Historia na Fasihi ya Waswahili

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa katika nyumba za Waislamu wa Afrika Mashariki mtoto anapozaliwa, moja limezidi kupata uzito katika miongo ya karibuni. Mtoto apewe jina gani ambalo litakubalika msikitini, litatamkika shuleni, halitamtatiza kazini wala safarini, na wakati huo huo halitawaudhi wazee wake? Aghalabu swali hili huzungumzwa kana kwamba limeletwa na maisha ya kisasa, yaani na pasipoti, fomu za serikali na uhamaji wa watu kwenda Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba swali lenyewe ni kongwe katika upwa wa Afrika Mashariki, na kwamba Waswahili walikuwa na jibu lao kwa karne nyingi kabla ya fomu hizo kuchapishwa.

Ipo sababu ya pili ya kulishughulikia suala hili, na sababu hii iko karibu zaidi na taaluma yetu. Kwa muda mrefu jina la mshairi wa Kiswahili limetumiwa kama hati ya nasaba. Mhakiki akikutana na Abdalla bin Ali au Abubakari bin fulani, alikuwa mwepesi wa kuhitimisha kwamba mshairi huyo ni Mwarabu, na kwamba utungo wake ni tawi la fasihi ya Kiarabu lililooteshwa ugenini. Mjadala kuhusu Uswahili wa ushairi wa Kiswahili umekwisha kuchangiwa na wengi, wakiwamo Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala katika Historia ya Kiswahili (1977) na Ibrahim Noor Shariff katika Tungo Zetu (1988). Hata hivyo, mjadala huo umeegemea zaidi lugha, bahari za ushairi na dini. Jina la mtunzi limeachwa lipite bila kuhojiwa, ilhali ndilo jambo la kwanza analolisoma mtu kwenye jalada.

Hoja yetu ni kwamba jina la Kiislamu lilivuka mipaka ya tamaduni katika upwa huu kwa sababu lilikubali kufanywa la wenyeji, katika sauti, katika vitangulizi vya heshima, na katika kuishi bega kwa bega na majina ya asili ya Kibantu. Kwa hiyo jina hilo haliwezi kutumiwa kuthibitisha ugeni wa mwenye jina. Ila historia hii ina upande wake wa giza pia, nao ni utumwa, hatutaukwepa.

Dini Inadai Nini?

Kabla ya kuingia katika historia, ni muhimu kubainisha kile ambacho dini yenyewe inakitaka, kwani mengi yanayodaiwa kwa jina la dini katika suala hili ni mazoea ya watu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa upwa, ni suna kumpa mtoto jina siku ya saba, na kumfanyia akika kwa kuchinja mbuzi au kondoo wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa mtoto wa kike. Sharti kubwa la jina ni kuwa na maana njema. Majina Abdallah na Abdurahmani yamesifiwa katika Hadithi. Majina yanayomfanya mtu kuwa mja wa asiyekuwa Mungu yamekatazwa. Na Mtume mwenyewe aliyabadilisha majina yenye maana mbaya. Mfano mashuhuri ni wa mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya 'muasi', ambaye Mtume alimwita Jamila, yaani 'mzuri'.

Katika masharti haya hamna linalosema kwamba jina lazima liwe la Kiarabu. Zaidi ya hayo, wanasarufi wa Kiarabu wa kale waliyaweka majina mengi ya mitume, kama vile Ibrahim, Ismail, Yusuf na Daud, katika kundi la majina ya asili ya 'kiajemi', yaani yasiyokuwa ya Kiarabu, na wakayawekea kanuni za pekee za kisarufi kwa sababu hiyo. Hivi ni kusema kwamba ndani ya Kurani yenyewe mna majina yaliyokwisha kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Anayelalamika kuwa Ibrahimu si Ibrahim analalamikia hatua moja tu ya safari iliyoanza zamani, na iliyoanzia nje ya Bara Arabu.

Sauti: Jinsi Jina Linavyovuka

Safari ya jina hadi katika Kiswahili inafuata njia inayoweza kuelezwa kwa utaratibu. Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, hupendelea silabi inayoishia kwa irabu. Jina la Kiarabu linaloishia kwa konsonanti huongezewa irabu, na irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Baada ya konsonanti za midomo aghalabu huja u: Rajabu, Ibrahimu, Yusufu, Mariamu, Salimu. Baada ya konsonanti zinazotamkiwa kwenye meno na ufizi aghalabu huja i: Hasani, Saidi, Ramadhani, Shaabani, Athumani. Mkusanyiko wa konsonanti huvunjwa kwa irabu, na ndiyo maana Uthman akawa Athumani. Sauti ambazo hazikuwako katika lahaja nyingi za wenyeji zilipata jirani wa kuzipokea, hata Khadija akawa Hadija na Khamis akawa Hamisi, ingawa wasomi wa chuoni waliendelea kuzitamka sauti hizo za asili na kuziandika kwa hati za Kiarabu.

Waswahili hawakuwa peke yao katika jambo hili. Jina Muhammad ni Mehmet kwa Waturuki na Mamadou kwa Waislamu wengi wa Senegali na Guinea. Fatima ni Fatma kwa Waturuki, Fadumo kwa Wasomali, Fatoumata kwa watu wa Mali. Hakuna anayedai kwamba Mturuki aitwaye Mehmet amelikosea jina la Mtume. Kwa mizani hiyo hiyo, Fatuma wa Lamu au wa Tanga ni Fatima aliyepata makazi. Hali kadhalika Asha, Zuhura, Rukia na Selemani. Majina haya yamebebwa na vizazi vingi vya Waislamu waliosali, waliofunga na waliozikwa kwa majina hayo.

Hata hivyo, uvukaji wa sauti una gharama yake, na mhakiki hana budi kuikiri. Tumetaja hapo juu jina Asiya lililobadilishwa na Mtume. Jina hilo linatokana na mzizi ule ule ulioipa Kiswahili kitenzi asi na nomino maasi. Lakini lipo jina jingine, Asiya, la mke wa Firauni anayesifiwa kwa imani yake, ambalo kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine kabisa. Katika kinywa cha Mswahili majina haya mawili, moja lililokataliwa na jingine linaloheshimiwa, yamekuwa sauti moja. Mzazi anayemwita bintiye Asiya au Asia humkusudia mke wa Firauni. Anayelisikia jina kwa sikio la Kiarabu anaweza kuuliza. Kwa hivyo nia ya mzazi na desturi ya jamii ndizo zinazokamilisha maana ambayo sauti peke yake haiwezi kuibeba. Hili ni somo linalomhusu mzazi wa leo pia, kwa kuwa hakuna jina litakalosikika sawasawa katika masikio yote, na kulitafuta jina la namna hiyo ni kutafuta kisichokuwapo.

Ushahidi wa Watunzi na Watawala

Tukigeukia majina ya watunzi wenyewe, picha inayojitokeza inapingana waziwazi na dhana ya kwamba Uislamu wa upwa uliyafuta majina ya asili. Utendi wa Tambuka, wa mwaka wa 1728, ni wa Mwengo wa Athumani, mtunzi wa Pate. Athumani ni jina la khalifa wa tatu. Mwengo lina umbo la Kibantu. Utendi wa Katirifu nao unahusishwa na Abubakari bin Mwengo. Tukiyasoma majina haya kwa mfuatano, Athumani, Mwengo, Abubakari, tunaona kwamba jina la Kiarabu na jina la Kibantu yaliweza kupokezana ndani ya nasaba za Kiislamu bila ya mtu kuona ajabu. Mhakiki ambaye angetaka kuamua utaifa wa watunzi hawa kwa majina angelazimika kumfanya Mwengo Mwafrika, na Abubakari bin Mwengo Mwarabu. Upuuzi wa hitimisho hilo unatosha kuibomoa mbinu yenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake, uliotungwa yapata mwaka wa 1858, umesomwa na kuhakikiwa kama mojawapo ya nguzo za maadili ya Kiislamu katika fasihi ya Kiswahili, na mitazamo yake kuhusu nafasi ya mwanamke imezusha mijadala mikali katika madarasa yetu. Mara chache sana tumesita kulitazama jina. Kupona ni neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kamusi. Binti anayeusiwa katika utendi huo ni Mwana Hashima, na Hashima ni jina linaloelekeza kwa Bani Hashim, ukoo wa Mtume. Mama ana jina la kitenzi cha Kibantu, mtoto ana jina lenye mwangwi wa Makka, na wote wawili wametanguliziwa neno moja la heshima, Mwana. Dini ya mama haikuwa pungufu kwa sababu ya jina lake. Yeye ndiye anayetoa wosia wa dini, na mwenye jina la Kiarabu ndiye anayeupokea.

Neno hili Mwana linastahili kuzingatiwa zaidi. Kwalo jina la kigeni lilipewa kiti cha kukalia: Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanahawa. Kwa upande wa watawala, cheo cha Fumo, tunachokifahamu kutokana na masimulizi ya Fumo Liyongo, kilifanya kazi kama hiyo. Katika nasaba ya watawala wa Pate tunamkuta Fumo Luti, ambapo cheo cha Kibantu kimeungana na jina la nabii. Ahmad, mtoto wa Fumo Luti, aliyetawala Witu hadi mwishoni mwa miaka ya 1880, alijulikana kwa lakabu ya Simba. Na aliyemrithi, Fumo Bakari, ndiye aliyepigana na Waingereza mwaka wa 1890. Katika majina haya hatuoni tamaduni mbili zinazogombania mtu mmoja. Tunaona utamaduni mmoja uliokwisha kujiamini kiasi cha kuvitumia vyanzo vyake vyote bila ya kuomba radhi.

Jina Alilopewa Mtu na Mwingine

Picha hii ingekuwa ya udanganyifu kama tungeishia hapo. Uwezo wa kulipokea jina geni na kulifanya lako ni jambo moja. Kupewa jina geni na mtu anayekumiliki ni jambo jingine. Katika karne ya kumi na tisa biashara ya watumwa ilileta upwani na visiwani watu wengi kutoka bara, nao waliitwa upya. Katika maandishi ya wasafiri wa misafara ya wakati huo tunakutana mara kwa mara na majina kama Mabruki, Baraka, Faraji na Feruzi. Yana maana njema: mbarikiwa, baraka, faraja, na feruzi, jiwe la thamani. Lakini wengi katika walioyabeba walikuwa watumwa au watu waliowahi kuwa watumwa, na wema wa maana ulikuwa wa yule aliyelichagua jina.

Sidi Mubarak Bombay ni mfano unaopaswa kutukera. Alizaliwa miongoni mwa Wayao yapata mwaka wa 1820, akatekwa akiwa mdogo, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru na kuwa kiongozi wa misafara ya Burton, Speke na wengineo. Sidi ni neno walilotumia watu wa India kuwaita Waafrika. Mubarak ni jina la Kiislamu. Bombay ni mji. Jina alilopewa na mamaye halijulikani. Huyu ni mtu ambaye jina lake linavuka mabara mawili kwa wepesi, tena linatamkika kwa kila mtu, na gharama ya wepesi huo ni kupotea kwa jina la kwanza. Mtu anayetaka jina 'linalofaa kila mahali' angefaa kumkumbuka Bombay.

Kwa upande mwingine, jina lilikuwa pia silaha ya kujikomboa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Unguja mwaka wa 1897 na katika upwa wa Kenya mwaka wa 1907, hali ya mtu haikubadilika kwa siku moja, na jina lilikuwa mojawapo ya njia za kudai heshima mpya. Mfano mkubwa katika historia ya sanaa yetu ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, akaitwa Mtumwa. Alihamia mjini mwaka wa 1911, akajifunza kuimba, akawa sauti ya taarabu ya Kiswahili, na mwaka wa 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Jina ambalo historia imemhifadhia ni Siti, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya 'bibi yangu'. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ya tabaka zima iliyofupishwa katika maneno mawili. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, aliuita kwa jina hilo la heshima, na hivyo akalitia muhuri katika fasihi. Tanbihi muhimu ni kwamba Mtumwa ni neno la Kibantu na Siti ni la Kiarabu. Anayedhani kwamba jina la Kibantu ndilo huru sikuzote na la Kiarabu ndilo la utumwa atakwama hapa. Na anayedhani kinyume chake atakwama kwa Mwana Kupona.

Kuvuka kwa Upande wa Pili: Salme

Unguja hiyo hiyo inatupa mfano wa jina lililovuka kuelekea upande mwingine. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka wa 1844. Mnamo mwaka wa 1867, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886, kilitolewa kwa jina la Emily Ruete, lakini chini ya jina hilo paliongezwa kwamba mwandishi alizaliwa binti wa kifalme wa Oman na Zanzibar. Jina jipya halikutosha kumweleza mwenyewe, wala kuuza kitabu.

Tazama basi jinsi watoto wake waliokulia Ujerumani walivyoitwa: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Kila mmoja alikuwa na jina la mbele la kupita nalo katika barabara za Ujerumani, na jina la nyuma la kumrejesha Mtoni. Watoto hao hawakuwa Waislamu, na kwa hiyo hatuwaleti hapa kama mfano wa jina la Kiislamu kwa maana kamili. Tunawaleta kwa sababu mama yao aliukabili mtihani ule ule unaomkabili mzazi wa Mombasa aliyeko London leo, akaujibu kwa kulipanga jina katika tabaka mbili. Inafaa kuangalia tabaka lipi lilidumu. Mwanawe, alipoandika kitabu kuhusu babu yake Said bin Sultan kilichotoka mwaka wa 1929, alijiita Rudolph Said-Ruete. Jina lililofichwa katikati lilikuwa limepanda na kuwa sehemu ya jina la ukoo.

Majina ya Pamoja

Mbali na kuvuka kwa sauti na kwa tabaka, ipo njia ya tatu, nayo ni majina ambayo dini zaidi ya moja zinayadai. Hapa Kiswahili kimetenda jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili katika historia ya tafsiri. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka wa 1952, inamwita baba wa imani Ibrahimu. Inao Yusufu, Musa, Haruni, Daudi na Mariamu. Majina haya yana maumbo yaliyokuwa yakitumiwa na Waislamu wa upwa kabla ya tafsiri hiyo. Katika majina mengine dini mbili zimeachana: Yahya na Yohana, Isa na Yesu, Yakubu na Yakobo, Ismaili na Ishmaeli. Lakini orodha ya yanayoshirikiwa ni ndefu kiasi kwamba mtoto aitwaye Musa au Mariamu katika mji wowote wa Kenya hawezi kutambulikana dini yake hadi jina la babaye litajwe.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka wa 2021, aliitumia hali hii kwa ustadi katika riwaya yake Paradise (1994), ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, ilitoka mwaka wa 2022. Mhusika mkuu ni Yusuf, mvulana anayetolewa na babaye kwa mfanyabiashara aitwaye Aziz ili kufidia deni. Msomaji aliyesoma sura ya Yusuf katika Kurani ataling'amua mara moja jina la Aziz, ambalo ndilo cheo cha bwana wa Misri katika kisa hicho. Msomaji wa Biblia atamtambua Yusuf peke yake. Jina moja limefungua milango miwili, ila mmoja ni mpana kuliko mwingine.

Kundi la nne ni la majina yaliyotokana na mizizi ya Kiarabu lakini ambayo yamekuwa maneno ya kawaida ya Kiswahili: Amani, Imani, Neema, Rehema, Baraka, Subira. Waislamu na Wakristo huyatumia bila mabishano, kwa kuwa kila mmoja anaona ametumia lugha yake. Imani limevuka hata bahari. Ndilo jina la kanuni ya saba ya sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Waamerika Weusi mwaka wa 1966. Nalo Barack, linalohusiana na baraka, liliingia katika ukoo wa Kijaluo kupitia kwa Onyango Obama, aliyesilimu na kujiita Hussein, akamwita mwanawe Barack. Mjukuu aliyechukua majina hayo yote aligombea urais wa Marekani mwaka wa 2008. Wapinzani wake kadhaa hawakujishughulisha sana na Barack. Walilishika jina la Hussein na kulikariri ili kuwatia watu shaka. Jina lile lile lililompa babu heshima Kenya liligeuzwa kuwa tuhuma kwa mjukuu. Hapa jina halikuwa na dosari yoyote. Dosari ilikuwa katika masikio yaliyolisikia, na hakuna mzazi anayeweza kulaumiwa kwa hilo.

Jina kama Fani

Watunzi wetu wa nathari wamezitambua nguvu hizi zote na kuzitia katika kazi zao. Katika Adili na Nduguze, Shaaban Robert anawaita nduguze Adili kwa majina Hasidi na Mwivu. Wahakiki wamezoea kuyataja majina haya kama mifano ya majina ya kimajazi, wakaishia hapo. Tukiyachunguza zaidi tunaona kwamba Hasidi na Mwivu yana maana moja. La kwanza limetokana na Kiarabu, la pili ni la Kibantu, na wenye majina ni ndugu. Ndugu wa tatu, Adili, naye ana jina la asili ya Kiarabu. Uovu na wema, kwa hiyo, havikugawanywa kwa misingi ya asili ya maneno. Mizizi miwili ya msamiati wa Kiswahili imezaliwa nyumba moja. Hatudai kwamba mtunzi alikusudia kutoa nadharia ya lugha, lakini jambo hili linaafikiana na maisha yake mwenyewe. Yeye alikuwa Mwislamu aliyeitwa kwa jina la mwezi wa Shaabani, na jina la babaye lilikuwa Robert. Jina hilo la pili halikumzuia kuwa mwandishi ambaye Waislamu na Wakristo wa Afrika Mashariki wamemwona kuwa wao.

Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), anatumia mbinu tofauti, ya kejeli. Maksuudi ni jina lenye mzizi mmoja na neno letu kusudi. Naye ni mhusika anayewaumiza wengine kwa makusudi. Maimuna, jina la mmoja wa wake za Mtume lenye maana ya mwenye heri, anabebeshwa maisha ya mashaka hadi ukingoni mwa maangamizi. Mwanasururu, ambaye jina lake linachanganya Mwana na neno la furaha, hana furaha. Biti Kocho, mtumishi, anaitwa kwa Biti, na msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa tofauti ya tabaka iliyomo kati ya Biti na Bi. Kejeli hii isingewezekana iwapo majina haya yangekuwa mageni masikioni mwa wasomaji. Mtu hawezi kukejeli kwa jina asilolijua maana. Kufaulu kwa mbinu yenyewe ni ithibati ya kwamba majina haya ni mali ya lugha.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Waswahili walilishughulikia suala la jina linalovuka tamaduni kwa njia zisizopungua nne: kulitia jina katika sauti za wenyeji, kulitanguliza kwa maneno ya heshima ya Kibantu, kulishiriki na watu wa dini nyingine, na kuligeuza kuwa neno la kila siku. Tumeonyesha pia kwamba uvukaji huo ulikuwa na upande wa kulazimishwa, na kwamba swali la nani aliyelichagua jina lina uzito kuliko swali la jina limetoka wapi.

Yanayofuatia kwa mhakiki ni kwamba jina la Kiarabu kwenye jalada au mwishoni mwa utendi haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa asili ya mtunzi. Linaweza kutueleza dini ya ukoo, matumaini ya wazazi, mwezi au siku ya kuzaliwa, pengine tabaka. Utaifa wa fasihi hauwezi kujengwa juu yake.

Kwa upande wa wazazi, katika miji mingi ya Kenya siku hizi kuna mwelekeo wa kuacha Fatuma na kurudi kwa Fatima, kuacha Asha na kushika Aisha, kwa hoja kwamba maumbo ya zamani yana makosa. Mzazi ana haki kamili ya kuchagua, na maumbo ya Kiarabu ni mazuri. Tunachokipinga ni hoja yenyewe. Anayesema kwamba Fatuma ni kosa anaungana, bila kujua, na wale wahakiki waliosema kwamba Uislamu wa Mswahili ni wa kuazima na fasihi yake ni ya kuazima pia. Nyanya aliyeitwa Fatuma kwa miaka themanini hakuishi ndani ya kosa la tahajia.

Kazi kubwa bado iko mbele yetu. Majina yaliyochongwa kwenye makaburi ya Lamu, Siyu na Pate, yale yaliyomo katika daftari za ndoa za makadhi, na yale yaliyotiwa saini mwishoni mwa tendi za hati za Kiarabu yanangoja kukusanywa na kusomwa pamoja, jina la baba na la mama, la mtoto na la mtumwa. Ni matumaini yetu kwamba wanafunzi wa uzamili watakaoichukua kazi hiyo wataanza kwa kuwauliza wazee wao wenyewe waliitwaje utotoni, na ni nani aliyewaita hivyo.